Nani kasema wasiwasi ndiyo akili?

Kwa miezi saba, jijini Dar es Salaam, nilikuwa nashukia Tazara wakati kwangu ni Gongo la Mboto. Enzi hizo daraja la juu lilikuwa halijajengwa, na foleni ya pale kila msafiri wa barabara ya Pugu anaikumbuka. Natoka Kariakoo nimekaa vizuri tu, tena nimepata siti. Gari likisimama Tazara moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa, vidole vinakufa ganzi, na wazo moja linakuja limekamilika, halina hata nukta ya shaka: ukibaki humu unakufa. Nasema "shusha", nashuka, nakaa kwenye benchi la muuza maji. Dakika kumi baadaye mwili umetulia, nami naamini kabisa kwamba kushuka ndiko kulikoniokoa.

Hospitali walinipima moyo, presha, sukari, hata malaria. Vyote vizuri. Daktari alinirudishia karatasi ya kipimo cha moyo, akasema kwa upole: "Huna ugonjwa, kaka. Acha mawazo." Nyumbani mama naye akasema, mwanangu punguza mawazo. Kazini wakasema hivyohivyo. Walinitakia mema wote, na hakuna hata mmoja aliyeniambia mawazo yanaachwaje.

Kiswahili kililiona tatizo hili zamani. Mtu akikonda, akikosa usingizi, akiacha kuchangamka na wenzake, tunasema "ana mawazo". Hatuhitaji kueleza ni mawazo gani. Neno lenyewe limeshakuwa jina la ugonjwa. Tulipotafuta istilahi rasmi tukasema msongo wa mawazo. Hatuko peke yetu katika hili. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na kwa neno hilohilo akina bibi wa Harare waliofunzwa unasihi wamekuwa wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Watu wa kawaida walishajua kwamba maumivu haya yanapita kwenye fikra. Tulipokosea ni kwenye dawa. Kumwambia mtu mwenye mawazo aache mawazo ni sawa na kumwambia mwenye jino bovu asilifikirie jino.

Tiba ninayotaka kuizungumzia, tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tatu, CBT, haimwambii mtu aache. Inamwambia alikalishe wazo chini alihoji kama shahidi mahakamani. Umesema nitakufa. Umeyajuaje? Mara ngapi umesema hivi? Ilikuwaje mara zile nyingine?

Mtu aliyeiweka kwenye mstari ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani, aliyefariki Novemba 2021 akiwa na miaka 100. Kilichonivutia kwake ni kwamba alianza kwa kutaka kuthibitisha kitu kingine kabisa. Alikuwa amefunzwa kwa mapokeo ya Sigmund Freud, yaliyofundisha kwamba sonona, ile huzuni nzito inayomlemea mtu kwa muda mrefu, ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Akachunguza ndoto za wagonjwa akitarajia kuikuta hasira hiyo. Akakuta kushindwa, kupoteza na kuachwa. Kisha kuna mgonjwa mmoja, mwanamke, aliyekuwa akimsimulia mambo yake ya faragha huku wasiwasi umemjaa. Beck akadhani ni aibu ya anayoyasimulia. Kumbe muda wote mama yule alikuwa akiwaza: ninamchosha daktari huyu.

Hapo Beck akagundua kwamba chini ya maneno tunayoyasema kuna mkondo mwingine wa maneno tusiyoyasema, wa haraka, mfupi, unaojileta wenyewe bila kuitwa. Mtu haushuku kwa sababu hausikii kama maoni yake, anausikia kama taarifa. Kwa wenye sonona mkondo huo huzunguka mambo matatu: mimi si kitu, dunia imenigeuka, na kesho haina jipya. Kuanzia miaka ya 1960 Beck akawa anawafundisha wagonjwa kuukamata mkondo huo, kuuandika na kuupima.

Sasa, ukisoma orodha za makosa ya kufikiri zilizotungwa na Beck na wanafunzi wake utadhani ni mambo ya Wazungu. Mimi nilipozisoma niliona tunayo majina yake yote, tena ya kienyeji, ila tumeyapa heshima. Mtu akihukumu kwa kuwa mwili wake umesisimka tunasema machale yamemcheza, na machale yakishacheza hakuna anayeuliza ushahidi. Mtu anayetabiri mwisho mbaya wa jambo ambalo halijaanza anapiga ramli bila kumlipa mganga. Aliyekataliwa kazi moja akahitimisha kwamba hataajiriwa maisha, methali iko tayari kumpa mkono: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mimi pale Tazara nilikuwa naongozwa na dalili ya mvua ni mawingu. Moyo unaenda mbio, basi kifo kinakuja. Na juu ya zote tunalo lile neno la mitaani ambalo wengi wanalitoa kama busara ya mwisho: wasiwasi ndiyo akili.

Siwezi kulinyamazia hilo. Tahadhari ni akili, ndiyo. Kufunga mlango usiku ni akili. Kuamka mara tano kuhakikisha kama umeufunga si akili, ni mateso, na mtu anayeteseka hivyo anastahili zaidi ya kusifiwa kwamba ni makini.

Mnasihi niliyempata mwishoni alikuwa dada mmoja mwenye ofisi ndogo, feni inayopiga kelele na viti viwili vya plastiki. Nilitegemea aniulize habari za utotoni. Akanisimamisha katikati ya chumba, akaniambia nipumue harakaharaka kama niliyefukuzwa na mbwa, kwa dakika moja. Nilifika kama sekunde arobaini.

"Unasikiaje, kaka yangu?"

"Kizunguzungu. Vidole ganzi."

"Na moyo?"

"Unakimbia."

"Kama kwenye daladala?"

"Vilevile kabisa."

Akatazama huku na huku, akaniuliza: "Humu ndani kuna foleni?"

Nilikaa chini. Siku ile nilielewa kwa mwili kitu ambacho karatasi ya kipimo cha moyo haikuweza kunieleza. Mtu akiogopa hupumua haraka. Akipumua haraka hewa ukaa hupungua mno mwilini. Ikipungua vidole hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Naye akiona hivyo husema ndiyo hiki hapa kifo, akaogopa zaidi, akapumua haraka zaidi. Mwaka 1986 David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliueleza mduara huu vizuri: kinachoigeuza hofu ndogo kuwa hofu ya ghafla inayomwangusha mtu ni maana mbaya anayoipa mabadiliko ya mwili wake.

Halafu likaja daftari. La kawaida, la mistari, la kurasa 48. Akanichorea safu: nini kilitokea, wazo gani lilikuja, ninaliamini kwa asilimia ngapi, nini kinaliunga mkono, nini kinalipinga. Kabla ya kupanda gari niandike ninachotabiri. Nikishuka niandike kilichotokea. Ukurasa wa kwanza ninao mpaka leo: "Nitazimia kabla ya Vingunguti. Asilimia 90." Chini yake, kwa mwandiko mbaya wa mtu anayetetemeka: "Nimeshuka Tazara." Nilimpelekea kwa aibu. Akafurahi. Akauliza, kwa hiyo tumejua kama ungezimia? Hatukujua. Kushuka kuliizuia kesi isisikilizwe.

Hapo ndipo nilipoiona nguvu ya neno tabia katika jina la tiba hii. Nilikuwa nimejijengea kinga bila kujua: kukaa karibu na mlango, kushika chupa ya maji baridi, kumpigia mtu simu ili nisiwe peke yangu. Kila nilipofika salama, sifa ilikwenda kwa chupa. Wazo la kufa halikuwahi kupimwa hata siku moja, na wazo lisilopimwa halizeeki. Kwa hiyo kuhoji kwa maneno hakutoshi. Inabidi utoke ukaangalie. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake huko Marekani waligawa wagonjwa wapatao 150 wa sonona katika makundi, wengine wakapewa tiba nzima na wengine sehemu ya vitendo peke yake: kurudi kwenye shughuli, kupanga siku, kufanya hata usipojisikia. Kundi la vitendo lilipona sawa na kundi la tiba nzima. Wapo wanaoutumia utafiti huo kusema sehemu ya fikra ni mapambo. Mimi sikubaliani nao. Nadhani mtu anayetoka kitandani na kwenda gengeni siku ambayo wazo lilimwambia hawezi amekwisha kulijibu wazo hilo, hata kama hakuandika neno.

Kuna jambo linanikera hasa, na nitalisema waziwazi. Tiba hii inauzwa mtandaoni na kwenye makongamano kama fikra chanya. Amka asubuhi, jitazame kwenye kioo, sema mimi ni mshindi. Hiyo si tiba ya Beck, ni kinyume chake. Mtu aliyefilisika akijiambia ni tajiri amebadilisha uongo mmoja kwa mwingine, na ule mpya hautavuka mwisho wa mwezi. Daftari langu halikuwahi kuniambia kwamba foleni ni nzuri au kwamba moyo haukwenda mbio. Liliniuliza kilichotokea tu. Wazo jipya lililobaki mwishoni halikuwa tamu hata kidogo: moyo utaenda mbio kama dakika nane, itakuwa karaha, halafu utapungua.

Na je, wazo likiwa kweli? Hili ndilo swali zito, na wakosoaji wa tiba hii wana haki ya kuliuliza. Mama aliyeachwa na watoto wanne na kodi ya miezi mitatu akisema sijui kesho tutakula nini, hajakosea kufikiri. Ukimwambia abadilishe mtazamo umemtukana. Mnasihi anayejua kazi yake hutenganisha vitu viwili hapa. "Kodi sina" ni tatizo, na tatizo hutafutiwa njia: nani anadaiwa, mwenye nyumba anaongeleka, kikundi cha kuweka na kukopa kinasemaje. "Sina kodi kwa sababu mimi ni mwanamke wa mikosi" ni wazo, na wazo huhojiwa. La pili ndilo linalomzuia kulishughulikia la kwanza, kwa kuwa mwenye mikosi hana haja ya kwenda kuongea na mwenye nyumba.

Anayedhani tiba hii ni ya watu wenye maisha mepesi ningependa atazame mashariki ya Kongo. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la NEJM la Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass, uliofanywa katika vijiji vya Kivu kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Hawakuwa wamehama vita. Vita vilikuwa jirani. Wengi hawakujua kusoma. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmojammoja, vingine walikaa katika vikundi na kupewa tawi la CBT alilolitunga Patricia Resick kwa ajili ya watu wenye kiwewe. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kikongo, wasaidizi wa jamii wenye elimu ya miaka michache baada ya shule ya msingi, waliofunzwa kazi hiyo, na kazi ilifanyika kwa lugha za huko, Kiswahili kikiwamo.

Fikiria kilichokuwa kinahojiwa mle. Tawi hilo la tiba hutafuta mahali ambapo wazo la mtu limekwama tangu siku ya tukio, na kwa waliofanyiwa ukatili wa namna ile hukwama mahali panapofanana: ni kosa langu, ningepita njia nyingine, mimi si mtu tena, hakuna wa kumwamini. Hakuna anayethubutu kumwambia mwanamke huyo kwamba lililompata si kubwa. Ni kubwa, na linabaki kuwa kubwa. Kinachoulizwa ni sehemu moja tu ya hukumu aliyojikatia: nani alikuwa na silaha? Nani aliamua? Ungekuwa umepita njia nyingine, na huko wangekuwapo? Kwa kuwa daftari lisingefaa, mazoezi yalirahisishwa wakayashika kichwani, kama sisi tulivyoshika sura za Kurani au nyimbo za kwaya kabla ya kujua kusoma.

Miezi sita baada ya tiba kwisha, walioonekana bado kuwa na sonona au wasiwasi mkubwa katika vijiji vya msaada wa mmojammoja walikuwa asilimia 42. Katika vijiji vya tiba, asilimia 9.

Nilipoyasoma hayo nilifunga ukurasa nikatoka nje kidogo. Tumekuwa tukisema watu wetu hawana utamaduni wa kukaa na kuchambua mawazo, kwamba hayo ni ya wasomi wa mjini. Wanawake wa Kivu wasiojua kusoma wameyafanya.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila kitu. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey waliwafuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na kubaki na kiwewe. Waliotoa tiba walikuwa tena watu wa kawaida waliofunzwa, wakikaa na watoto katika vikundi na walezi wao katika vikundi vingine. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, watoto walioipata walikuwa mbele ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na vijijini kwa kila upande. Lakini mwaka mmoja baadaye, huko Moshi, waliopata tiba na waliobaki na huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu sawasawa. Nalipenda tokeo hilo kwa kuwa linatukumbusha kwamba mtoto aliyefiwa haponywi na mazoezi peke yake. Shangazi anayempikia, mwalimu anayemwita jina lake, huduma zilizopo jirani, navyo vinatibu.

Wala siwaambii watu watupe vidonge. Sonona kali ni ugonjwa, vidonge huokoa maisha, na kuviacha bila daktari ni hatari. Ila lipo jambo moja ambalo vidonge havifanyi. Steven Hollon na wenzake, mwaka 2005, waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu waliokwisha kupata nafuu. Waliokuwa wametibiwa kwa vidonge kisha vikasimamishwa, asilimia 76 walirudiwa na sonona. Waliokuwa wametibiwa kwa tiba ya fikra kisha vikao vikasimama, asilimia 31. Mimi nayaelewa hivi: kidonge kikiisha kimeisha, lakini mtu aliyejifunza kuhoji anaondoka na ujuzi wake.

Ndiyo maana siridhiki na jibu kwamba tusubiri wataalamu waongezeke. Wanasaikolojia tulionao hawatoshi, na wengi wako mijini. Lakini wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao, wanaingia nyumba kwa nyumba kuuliza habari za kliniki, chandarua na kifua kikuu. Kivu na Bungoma zimeonyesha kwamba mtu wa namna hiyo, akifunzwa vizuri na akawa na msimamizi wa kumuuliza anapokwama, anaweza kuifanya kazi hii. Tunachohitaji ni mafunzo na vitabu vya mazoezi vilivyofikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, vyenye machale na mikosi na kusemwa na majirani ndani yake, badala ya tafsiri zinazomuuliza mama wa Kigoma kuhusu mkutano wa ofisini. Na anayekwenda kwa mnasihi leo, amuulize swali moja siku ya kwanza: utanipa kazi ya kufanya nyumbani? Akijibu kwamba mtakuwa mnaongea tu, huenda akamfaa, lakini hiyo siyo tiba niliyoieleza hapa.

Safari ya nne niliacha chupa nyumbani. Mnasihi alinitaka nikae siti ya nyuma kabisa, dirishani, mbali na mlango, nikiwa nimezibwa na abiria wawili. Niliandika utabiri: asilimia 60. Foleni ikasimama palepale, moyo ukaanza, viganja vikalowa, na wazo likaja na maneno yake yaleyale. Nikalisikia. Nikajibana nisimpigie mtu simu. Jirani yangu, mzee mwenye mfuko wa muhogo, alikuwa amesinzia begani kwangu. Nilihesabu dakika kwenye saa yake: tano, sita, saba. Konda akachungulia ndani, akauliza, "Tazara kuna mtu?"

Hakuna aliyejibu. Akapiga bati mara mbili. "Hamna! Suka, twende."